Mguu Uliowekewa Bima Uingereza

Kati ya waongo wote waliowahi kukanyaga vumbi la barabara ya Thika, Gathogo alikuwa na jambo moja la kumsifu: uongo wake aliutunza. Hakuutupa ovyo kama walevi wanavyofanya. Aliupiga pasi, akauvaa siku ya maana.

Siku alipoingia hotelini kwa Gichuru, pale Ruiru, alikuwa na njaa, koti zito la kizungu, na viatu vya mpira vya njumu vilivyoning'inia shingoni kwa kamba zake. Koti na viatu vilisahauliwa na kijana wa kizungu katika klabu ya masetla kule Thika. Gathogo alikuwa mhudumu wa baa hapo, mpaka walipogundua kwamba mteja wake mkubwa ni yeye mwenyewe.

Hakuwa na mpango zaidi ya kunywa chai, kula mandazi na kutokea mlango wa nyuma. Lakini riziki ya mjanja huingilia masikioni. Gichuru, mwenye hoteli na mlezi wa timu ya Gitothua, mtaa wa hapo, alikuwa analia mbele ya wateja.

"Ngai! Safari hii nimeweka dau ndume yangu, ile ya pembe moja! Waweru wa bucha ya Thika akitufunga tena, anaenda kuichinja. Na mimi sina mtu wa katikati. Mpira inapita hapo kama chai kwa kichungi!"

Gathogo akavivua viatu shingoni, akaviweka mezani polepole kama padri anayeandaa altare.

"Mzee, mimi sipendi kujisifu," akasema, na huo ukawa uongo wa kwanza. "Lakini katikati ndiyo kazi yangu. Nimecheza hafu Uingereza. Hadfodi Rova. Umewahi kuwasikia?"

Hakuna aliyewahi kuwasikia, na kwa hiyo wote wakainamisha vichwa kwa heshima.

Akawaeleza. Alitoka Burma na jeshi baada ya vita, koplo mmoja akamwona akipiga danadana juu ya meli, akasema huyu harudi Afrika. Akawaeleza ukungu mzito ambao mchezaji haoni miguu yake mwenyewe, na matope yaliyomeza kiatu cha refa. Akawapa fainali aliyoshinda kwenye mvua, tatu kwa moja. Mteja mmoja alisahau chai yake ikapoa. Kila Jumamosi jioni, redio ya ile klabu ya masetla ilitangaza mpira kutoka Uingereza, na Gathogo alikuwa amesimama pale na sinia, akisikiliza. Maisha yake ya soka yalikuwa na kila kitu isipokuwa miguu.

"Basi kesho unafanya mazoezi na vijana," Gichuru akasema, macho yakimng'aa.

"Mzee, mguu huu si wangu," Gathogo akajibu kwa huzuni. "Ni wa kampuni ya bima, London. Ukipata mkwaruzo kwa mchanga wa Ruiru, wanakuja kuuchukua."

"Kuuchukua? Mguu?"

"Mzungu hana mchezo na mali yake."

Ikakubaliwa kwamba mguu utatunzwa mpaka siku ya mechi. Gichuru akampa chumba cha nyuma, nyama kila siku, na mafuta ya kondoo ya kuukanda. Gathogo akakaa kivulini akiwafokea wachezaji maneno ya kizungu ambayo hata yeye hakuyajua maana, nao wakakimbia kwa bidii zaidi.

Mtu mmoja tu hakuvutiwa. Aoko, mpishi wa hoteli, aliyetoka Nyanza na kaka yake, alimletea nyama jioni moja akasimama, mkono kiunoni.

"Bwana Gathogo, huo mguu yako inanuka kitunguu."

"Dawa, dada. Dawa ya Uingereza."

"Na sufuria yangu ndogo iko chini ya kitanda yako, na mafuta ya mguu ndani. Hiyo pia ni dawa?"

Akaenda zake, naye Gathogo akamhesabu kuwa mwanamke asiyejua mpira.

Kisha mambo yakageuka. Waweru akatuma habari kwamba mechi itachezwa Thika, la sivyo hakuna mechi, na Gichuru kwa tamaa yake akakubali. Gathogo akairudisha chapati sahanini. Ruiru hakuna aliyemjua, lakini Thika hata mbuzi walijua sura yake, na wengi walikuwa na neno naye. Akalala chali akiwaza, na kwa mara ya kwanza mguu ukamuuma kwelikweli.

Aoko ndiye aliyekuja na dawa.

"Sikia. Thika hawajaona uso ya huyo mtu wa Uingereza, wamesikia habari tu. Kaka yangu Nicanor, hawajamwona pia, avae viatu yako na koti, aitwe wewe. Wewe ubaki hapa, upumzishe mali ya wazungu."

Nicanor Omondi alivunja mawe machimboni wiki nzima, na siku ya mpira Gichuru alimweka golini, kwa sababu ni mrefu. Hakuna aliyewahi kumwuliza anajua nini kingine.

"Na Gichuru?"

"Nimemwambia ni akili yako, ya kuokoa mguu; Thika wataogopa jina tu. Amefurahi mpaka amecheka."

Gathogo akafikiria Ruiru siku ya mechi: wote wameenda Thika, hoteli tupu, na nyuma ya hoteli fahali mwenye pembe moja, amefungwa, hana wa kumlinda. Murera kulikuwa na mtu anayenunua ng'ombe bila kuuliza jina la mama yao. Siku hiyo Gathogo aliamini kabisa kwamba Mungu ni mtu wa Thika.

"Lakini wakiniuliza habari ya huko?" Nicanor, aliyekuja na dada yake, akasema kwa upole. "Nifundishe, ndugu yangu. Yote."

Akafundishwa yote, koplo, ukungu na kiatu cha refa. Ilipofika fainali, machozi yalimtoka Gathogo. Alikuwa ameyapenda maisha yale. Yalikuwa mazuri kuliko yake.

Siku ya mechi, lori la mashabiki lilipopotea vumbini, alifungua kamba, akamwongoza fahali kwa mluzi. Ili kufika Murera ilimbidi aikate barabara kuu, na barabarani palikuwa na kizuizi. Enzi hizo za Hali ya Hatari, vizuizi vilikuwa vingi kuliko miti. Alilijua hilo, na maneno alikuwa nayo tayari.

"Pasi ya kutembea," akasema askari.

Gathogo akatia mkono mfukoni, na mfuko haukuwepo. Pasi ilikuwa kwenye koti, na koti lilikuwa Thika likicheza mpira.

"Na hii si ndume ya Gichuru? Hii ya pembe moja?"

"Afande, mimi ni mgeni wake! Mimi ndiye Gathogo wa Hadfodi Rova!"

Wakamkalisha kando ya barabara na yule fahali mpaka jioni, ndipo gari jeusi likasimama kwenye kizuizi, likitoka Thika. Ndani alikuwa Mhindi mwenye kinu cha pamba Jinja, na kando yake Nicanor, koti limefungwa vifungo vyote, viatu shingoni.

"Tupishe, bwana, tupishe!" dereva akawaambia askari kwa furaha. "Huyu ndiye Gathogo wa Uingereza! Amewatesa Thika nne bila, anaenda kucheza Uganda, na mshahara!"

"Nicanor!" Gathogo akapiga yowe. "Waambie mimi ni nani!"

Nicanor akashusha kioo, akamtazama kwa huruma ya mtu aliyezoea kuishi Ulaya.

"Huyu simjui," akasema. "Lakini hiyo ng'ombe ni ya Gichuru."

Gari likaondoka. Baadaye likaja lori la mashabiki, na Gichuru akashuka akiimba. Aliona fahali, akaona kamba, akaona mkono ulioishika, na wimbo ukaishia hapo. Hakutaka kesi, maana ingesimuliwa mpaka Thika, hivyo akawaambia askari kwamba huyo ni mfanyakazi wake. Alitaka nyama yake irudi, sahani kwa sahani.

Kwa hiyo Gathogo akaosha masufuria, chini ya Aoko. Ni hapo alipojua kwamba madereva wa yule Mhindi hula hoteli hiyo, na ndio waliomwambia Aoko kwamba tajiri wao angekuwa Thika siku ya mechi, akitafuta hafu.

Mwaka uliofuata msafiri mmoja kutoka Jinja alikaa karibu na jiko akiwasimulia wateja juu ya hafu mmoja hodari wa huko. Alisimulia koplo wa meli, na ukungu. Kila mtu aliacha kutafuna.

"Na fainali," akasema, "walishinda mbili kwa moja."

"Tatu!" Gathogo akafoka, povu mpaka kwenye viwiko. "Tatu kwa moja! Na mvua ilikuwa inanyesha!"

Hoteli nzima ikageuka. Msafiri akamtazama kuanzia aproni hadi miguu mitupu.

"Na wewe umejuaje?"

Gathogo akafungua mdomo.

Aoko akamsogezea sufuria nyingine.

"Alisikia kwa redio," akasema.