Masanduku Yanatangulia Malabari

Tegua kitendawili hiki, wewe unayenisikiliza. Kuna mutu hana shamba, hana duka, hana hata kuku mmoja wa kumuamsha asubuhi. Lakini kitu kimoja amekiuza kwa nyumba nne, na kitu hicho hajakigusa na hawezi kukufikisha mahali kilipo. Ni kitu gani? Usikimbilie kujibu. Kwanza nikuonyeshe muuzaji.

Muuzaji alikuwa Ismaël, mupishi wa zamani wa Mubelgiji mmoja wa pamba kwenye njia ya Kabambare. Siagi ya Mubelgiji ilikuwa inapungua siku ambazo hakuna aliyekula mukate, basi Ismaël akafukuzwa. Aliondoka na koti jeupe na ukurasa mmoja wa kalenda. Kwenye ukurasa huo kulikuwa na picha ya nchi ya mbali, Malabari: vilima vya kijani, minazi, bahari, na nyuma ya bahari maji mengine yaliyotulia kama ya beseni, mitumbwi yenye paa la mikeka ikielea juu yake.

Siku moja, mwaka wa hamsini na sita, alipita Kasongo mbele ya nyumba ya Antoine, karani. Ndani, Albertine, mke wa karani, alikuwa anamlaumu mumewe.

"Madamu wa daktari ameenda konje, mapumziko yake ya mwaka. Madamu wa kahawa ameenda konje. Na mimi ninaenda wapi? Kisimani!"

Mutu mwingine angesikia mwanamke ananung'unika. Ismaël alisikia mufuko unafunguka.

"Hodi, Bwana Karani. Samahani, Madamu. Nimesikia neno konje. Munapanga kwenda wapi?"

Antoine akakohoa. Angesemaje kwamba hawaendi popote? "Bado tunachagua," akajibu.

"Basi mungali na bahati." Na ukurasa ukatoka kwenye koti.

Ah, alijua kupanga, yule! Wiki mbili za kwanza vilimani, kwa ajili ya hewa. Wiki mbili kwenye maji yaliyotulia, unalala ndani ya mutumbwi na samaki wako anakaangwa humo humo. Wiki mbili za mwisho baharini, mikono nyuma, tumbo mbele, kama watu wakubwa.

"Na pesa?" Antoine akauliza.

"Sitaki hata faranga moja. Watu kama ninyi wanalipa wakirudi."

Hapo karani akavimba kama andazi.

"Kitu kimoja tu," Ismaël akaendelea. "Masanduku yanatangulia. Ninyi si mumeona wazungu wanavyofanya?"

Kweli, Kasongo nzima ilikuwa imeona. Muzungu akitaka kwenda konje, masanduku yake ya bati yanaondoka juu ya vichwa vya wapagazi wiki tatu mbele, na mwenyewe anabaki barazani na bia yake. Antoine akatikisa kichwa kama mutu aliyezoea kufanya hivyo kila mwaka.

"Na musitie matambara. Kule mutu anapimwa kwa sanduku lake."

Uani, mama yake Antoine, Marguerite, alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo. Akasimamisha muchi.

"Mwanangu, nikuulize. Wewe ulishafika kule?"

"Mama, Malabari haiulizwi hivyo," Ismaël akasema kwa upole. "Inaonwa."

Marguerite akarudi kwenye kinu chake. Kutwanga akatwanga, lakini hakuwa amejibiwa.

Habari ikatembea. Mwalimu akataka, muuguzi akataka, mwenye duka la chumvi akataka mara mbili. Mwalimu akitia sahani kumi na mbili, muuguzi anatia gramofoni. Muuguzi akitia gramofoni, mwenye duka anatia suti ya arusi yake. Watu waliojua kusoma, angalia! Herufi zote walizijua, ila ya kuuliza.

Kisha Marguerite akarudi kutoka sokoni, akakuta juu ya meza yake alama tu, mahali pa mashine yake ya kushona. Marehemu mume wake aliinunua kwa jasho la pamba. Ndiyo iliyomsomesha Antoine, na ndiyo iliyokuwa bado inamlisha yeye.

"Antoine, mashine yangu iko wapi?"

"Iko ndani ya sanduku, Mama. Albertine hawezi kufika Malabari bila mashine. Sanduku limefungwa, na funguo iko kwa Ismaël."

"Na mimi nitakula nini?"

"Ni wiki sita tu, Mama."

Angepiga kelele, nani angemsikiliza? Mwanamke asiyejua kusoma, mbele ya kalenda! Akauliza siku ya safari ya masanduku tu, kisha akatuma neno Nyangwe, chini ya muto.

Asubuhi ya siku hiyo, nyumba zote nne zilishuka mutoni na nguo za kanisani. Masanduku yalikuwa matano. La tano lilikuwa la Ismaël, na kila alichokuwa nacho duniani kilikuwa ndani yake, isipokuwa koti. Alisema atayasindikiza ng'ambo, ayakabidhi kwa gari moshi, arudi jioni. Kurudi! Hata koti lilimcheka.

Kijana mmoja mwenye mutumbwi mukubwa, Moustapha, alikubali kuvusha kwa bei ndogo sana. Masanduku yakapangwa. Marguerite akatokea na kikapu cha chakula cha njia, akakaa juu ya sanduku lenye mashine yake.

"Mama, unaenda wapi?" Antoine akashtuka.

"Mutu wa umri wangu ni muzigo, baba. Na mizigo inatangulia."

Watu wakacheka. Ismaël naye akacheka, akainua muguu apande.

"Umejaa," Moustapha akasema. "Ukipanda, tunazama."

"Nitasimama pembeni..."

"Bwana Ismaël!" Marguerite akaita kwa sauti. "Ulitufundisha nini? Masanduku yanatangulia, mwenyewe anafuata."

Antoine, aliyependa kanuni kuliko supu, akamshika mukono. "Ni kweli. Kanuni ni kanuni."

"Lakini mimi..."

"Umewahi kuona muzungu amekaa juu ya sanduku lake?" Albertine akamkaripia. "Usituaibishe mbele ya watu!"

Nyumba nne zikamshika koti. Mutumbwi ukaondoka. Ulipofika katikati, ukageuza pua, ukaanza kuteremka na maji.

"Ng'ambo ni kule!" Ismaël akapiga kelele. "Wanaiba mali yangu!"

"Mali ya nani?" mwalimu akauliza.

Ismaël akavuta koti lake.

Sauti ya Marguerite ikaja juu ya maji. "Moustapha ni mutoto wa ndugu yangu! Enyi wenye masanduku, mutayakuta kwake Nyangwe. Mukuje kwa miguu! Njiani munapanda vilima, mukifika munakaa kando ya maji. Hiyo ndiyo konje yenu!"

"Na langu?" Ismaël akalia.

"La kwako ni bei ya mutumbwi! Lakini nikuulize tena, baba, maana hukunijibu. Ulishafika kule Malabari?"

Antoine akamgeukia. Albertine naye akamgeukia, na mwalimu, na muuguzi, na mwenye duka la chumvi. Hakuna aliyeachia koti.

Ismaël akautazama mutumbwi mpaka ukawa mudogo kama ule wa kwenye picha.

"Hapana, Mama," akasema. "Hata Nyangwe sijafika."