Malalamiko ya Timu Iliyosaidiwa Ikashinda

Mocímboa da Praia, Agosti 1979

Kamarada Mratibu wa Mashindano ya Mafundi Chipukizi, Pemba,

Pokea salamu za kimapinduzi. Mimi ni mwalimu wa timu ya Mocímboa, mabingwa wa Jumamosi iliyopita. Nakuandikia kwa uchungu. Tumeshinda, na kosa hilo ni la timu ya Palma.

Mashindano unayajua: kila timu itengeneze kigari cha bati kinachojiendesha kwa pilha, yaani betri, za redio, kibebe nazi moja toka ukuta wa shule hadi mlingoti wa bendera. Washindi wanakuja Pemba. Haya ndiyo tuliyotendewa:

1. Kigari chetu kilizimika katikati ya uwanja, pilha zimekwisha. Laurinda, nahodha wa Palma, akaja mbio na pilha zao za akiba, akazitia mwenyewe. Hatukumwomba. Hapakuwa na kikao, wala azimio, wala mhuri. Msaada wa namna hii, Kamarada, ni ubinafsi: wema wote wameuchukua wao.

2. Chetu kikafika. Chao kikazimika hatua chache kabla ya mlingoti, na akiba hawana tena. Badala ya kununa kama watu wenye adabu, wakatupigia makofi. Nahodha wetu Rajabo, niliyemfundisha wiki nzima namna ya kuinua ngumi, akaangua kilio.

3. Ukaja mkutano wa kujikosoa. Sisi tulikuwa tumeandaa kurasa mbili za kuikosoa Palma. Laurinda akasimama kwanza, akajikosoa kwamba hakuleta pilha za kuzitosha timu zote. Ikabidi nami nisome zangu, maana zilikuwa kwenye ajenda. Ukurasa wa kwanza ulihusu uchoyo wao. Niliona aibu, Kamarada, aibu hasa.

4. Watu wa sokoni wananipa pole kwa ushindi. Mama Domingas, muuza muhogo, ameniuliza kama napata usingizi.

Kwa hiyo naomba Palma waonywe. Msaada uwanjani uombwe kwa maandishi, nakala tatu. Kila timu inayoshindwa ilazimishwe kununa hadi bendera ishushwe. Wakirudia, wapewe ushindi kwa nguvu, nao wauonje.

Nisalimie wote wa ofisini, na dereva wenu pia. Mapambano yanaendelea, ingawa Palma wanayaendesha kwa upole mno.

Ndimi,
Mwalimu Alcides

Tanbihi: Lori la kutuleta Pemba linanguruma nje. Rajabo na wenzake wamekataa kupanda mpaka uandike guia, kibali cha safari, kwa timu zote mbili. Nilipanda mimi ili wafuate mfano, nikakaa peke yangu mle ndani kama gunia lililosahauliwa. Nimeshuka. Dereva wa lori amekubali tupitie Palma kwanza, tukawarudishie pilha zao na kungoja jibu lako huko; kwa hilo watoto wamekubali kupanda. Tafadhali, Kamarada, iandike hiyo guia, na jibu lipeleke huko huko. Zile kurasa mbili nimezifungia muhogo wa Mama Domingas. Tutaula pamoja na hao Palma.