Oui kwa Niaba ya Baba Mdogo

Jumatatu, 11 Agosti 2003
Hili sijamwambia mtu, hata dada yangu Yasmina: kompyuta ya ofisi haitumi barua pepe yenyewe. Ni mimi.

Baba mdogo Tajudini, anayetoa mizigo ya watu bandarini, anaamini programu yangu inawajulisha wateja yenyewe meli ikifika. Kuandika, inaandika. Lakini kwa kila barua kompyuta inauliza kwa Kifaransa: kuna programu inataka kutuma kwa jina lako, huenda ni virusi, unakubali? Lazima mtu abofye Oui, yaani ndiyo. Basi nakaa pale najifanya nasoma, nabofya.

Nikionekana sina faida, napandishwa meli ya saruji kwenda kwa shangazi Kigoma, mbali na makombora ya vita vya huku. Kule sekondari ni Kiingereza, mimi nimesoma kwa Kifaransa. Nitaanza upya na watoto.

Jumanne, 12
Binamu yangu Massoudi kauliza mbele ya wapagazi: kama mashine inajituma, mbona we huendi hata chooni? Wakacheka. Nilikuwa nimebanwa kweli.

Jumatano, 13
Dawa imepatikana. Kaprogramu kadogo kanakobofya Oui badala yangu. Nimeenda chooni mara mbili, bila haja, nikipita mbele ya Massoudi.

Alhamisi, 14
Balaa. Massoudi kafungua kwenye kompyuta ya ofisi picha iliyotumwa na mtu asiyemjua. Kumbe virusi. Virusi vikaomba kutuma barua kwa jina la baba mdogo, kompyuta ikauliza, kaprogramu kangu kakajibu Oui. Wateja wote wamepokea "Mon amour", mpenzi wangu. Madamu Spéciose, muuza sabuni, kapiga simu nyumbani: amefikiria, hakatai, ila kwanza atolewe mzigo wake. Simu aliipokea mke wa baba mdogo.

Jumamosi, 16
Baba mdogo, macho mekundu, kasema mashine apana tena. Anataka mutu, aangalie kila barua na macho yake ndipo akubali. Massoudi kasema hiyo kazi ya mlinzi, yeye apana. Nimebaki mimi. Kaprogramu sikukataja. Kigoma haizungumzwi tena. Nimejificha nyuma ya magunia nikalia kidogo.

Kisha nikarudi mezani, nikaandika kaprogramu kapya. Nako kanabofya Oui. Lakini kwanza kanangoja kidogo, kama mtu anayefikiri.

Kikohozi cha baba mdogo. Viatu vyake, karibu na mlango. Ukurasa huu chini ya klavye ya kompyuta, haraka, na uso wa mtu anayeangalia kila ba—