Hotuba ya Mheshimiwa Mratibu Siku Aliyoizindua Mashine ya Mwanangu

(Ilisomwa ukumbini mchana, kuanzia saa nane na dakika kumi. Nimeiandika yote kama alivyoitoa. Yaliyo kwenye mabano niliyaona na kuyasikia mwenyewe nikiwa kiti cha mbele, na binti yangu kando yangu, gitaa begani. Saa tisa kamili alitakiwa hotelini, mwendo wa dakika kumi kwa miguu. Bendi ya pale ilikuwa inatafuta mpiga gitaa mmoja, na huyo mmoja ni yeye; wenzake walikuwa wanaenda kujaribu tu.)

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati Kuu ya Sauti. Mheshimiwa Makamu wake, ambaye hakuweza kufika lakini kiti chake kimefika. Ndugu Katibu wa Kamati Ndogo ya Vifaa Vinavyotumia Umeme. Ndugu wajumbe wa Kikosi Kazi cha Waya. Viongozi wastaafu na wale wanaokaribia kustaafu. Wazee wetu, akina mama, akina baba, wapiga kinanda, wapiga gitaa, wapiga picha. Mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa, na pale ambapo haikuzingatiwa naomba ihesabike kwamba imezingatiwa. (Makofi ya mstari wa mbele. Ndio waliopewa maji ya chupa.)

Ndugu zangu, leo tunazindua Mradi Mkakati Shirikishi wa Kusasisha Programu Endeshi za Mashine za Gitaa za Kidijitali, mradi ambao jina lake peke yake lilituchukua vikao sita, na hii mnayoiona mezani, yenye taa zinazowakawaka, ndiyo mashine yenyewe. (Ni ya binti yangu. Karani wa ofisi alikuja kwangu asubuhi: "Mama, tunaiomba ya kuonyesha tu, dakika tano, za mradi ziko njiani." Nikampa, maana yule dada ana adabu zake.) Wataalamu wananieleza kwamba mpiga gitaa anachomeka gitaa lake hapa, anakanyaga kitufe hiki kwa mguu, na kisanduku kinatoa sauti ya yale maspika makubwa ya zamani yaliyokuwa yakibebwa na watu wanne, kwa hiyo kwa kila gitaa tumeokoa watu watatu, sawa na asilimia sabini na tano ya nguvu kazi. (Fundi umeme aliyekaa nyuma yangu akauliza, "Hao watatu mmewapeleka wapi?")

Sasa mashine hii ina akili yake ndani, inaitwa programu endeshi, na akili hiyo isiposasishwa sauti inakwaruza na vitufe vinagoma. Mtu wa kawaida atadhani ni suala la kuchomeka waya kwenye kompyuta, kupakua toleo jipya na kusubiri dakika kumi. (Ndivyo binti yangu alivyofanya Jumanne, juu ya meza yangu ya jikoni, huku akinielezea kila hatua. Mimi niliishia darasa la saba na nilielewa yote.) Huo, ndugu zangu, ni ufinyu wa fikra! Sisi tulianza na upembuzi yakinifu wa waya, tukaandaa hadidu za rejea, tukafanya warsha elekezi ya siku tisa ambapo washiriki mia moja na kumi na wawili walijengewa uwezo wa kukitambua kitufe cha kuwashia, na asilimia themanini na nane walikitambua, ingawa baadhi yao walikitambua kwenye feni. (Kicheko. Yeye alidhani anashangiliwa, akainama.)

Naomba nijipongeze kidogo, kwa kuwa wanaonipongezaga wako safari. Mimi ndiye niliyekataa kutishwa! Maelekezo ya mashine hizi yana mahali palipoandikwa, "Usizime wakati wa kusasisha." Nikauliza kikaoni, kisanduku hiki kina cheo gani hata kiiamuru ofisi? Tukapitisha azimio kwamba ofisi itazima wakati wowote itakapoona inafaa. (Binti yangu akanibana mkono. "Mama, ikizimwa katikati inakufa moja kwa moja." Nikamwambia, "Tulia mwanangu, huyu anaongea tu." Ilikuwa saa nane na nusu.)

Hata hivyo, kabla sijakata utepe, nimeletewa taarifa ya kusikitisha, kwamba mashine hii tayari ina toleo jipya. (Binti yangu akasimama. "Ndiyo, Mheshimiwa. Niliweka mwenyewe. Iko vizuri kabisa.") Keti, binti. Nani aliidhinisha? Kikao gani? Muhtasari uko wapi? Toleo lililoingia bila kikao halitambuliki na ofisi hii, na kwa mamlaka niliyonayo naelekeza mashine irudishwe toleo la zamani, hapa hapa, halafu toleo jipya liingizwe upya kwa utaratibu, kidole kikiwa changu. ("Mheshimiwa, ukirudisha la zamani sauti zangu zinafutika zote! Nakala ziko nyumbani, na saa tisa nazihitaji." Sauti sitini na mbili za gitaa, alizitengeneza humo ndani mwaka mzima. Nazijua zote, kuna moja inalia kama mtu anayeitwa kwa mbali.) Sauti ziko nyingi, binti. Hata mimi ninayo. (Hapo nikasimama mimi. "Ya kwako, baba, hakuna bendi itakayoiajiri!" Ukumbi mzima ukavunjika mbavu, hata wa maji ya chupa.)

Mama huyo atulizwe. Karani, lete kompyuta ya mradi. (Karani akaenda, akarudi mikono mitupu, akamnong'oneza.) Naam, nimearifiwa kwamba kompyuta iko kwenye mchakato. Basi waya. (Akanong'onezwa tena, safari hii kwa kirefu.) Waya nao uko kwenye mchakato, ila ni mchakato tofauti. (Fundi umeme: "Na mchakato je, uko wapi?") Ndugu wananchi, tusiyumbishwe na vitu vidogo vidogo, kusasisha ni moyo! Nikisema "toleo jipya," mseme "sauti bora"! Toleo jipya! (Watu wanne: "Sauti bora." Mmoja alikuwa dereva wake.) Kitufe kimoja! (Dereva peke yake: "Sauti bora.") Kitufe kimoja, taifa moja! (Binti yangu hakuwa anamsikiliza tena. Alikuwa anaangalia saa ya ukutani: nane na dakika arobaini na tatu.)

Namalizia kwa shukrani. Nakishukuru Kikosi Kazi cha Waya kwa kuchapa kazi miaka miwili bila waya. Namshukuru mwalimu wa shule ya jirani kwa meza hii. Na kwa namna ya pekee namshukuru binti huyu kwa kutuazima mashine, maana bila yeye leo ningezindua meza. Za kwetu haziko njiani kama ilivyosemwa, kwa kuwa hazijaagizwa, na hazijaagizwa kwa kuwa kikao cha kuziagiza kinasubiri kikao cha kukiitisha, na kwa lugha ya kitaalamu mradi wenyewe bado haujakuwepo. Lakini kwa vile yeye ameshasasisha, natangaza rasmi kwamba tumekamilisha kwa asilimia mia moja, na mashine hii itafungiwa stoo ya ofisi kama kielelezo kwa wageni wa…

(Binti yangu alikuwa ameshafika mezani. Alichomoa waya wa umeme, akaikumbatia mashine yake kifuani, akasema, "Samahani Mheshimiwa, nachelewa," akashuka. Mlango nilimfungulia mimi, kwa bega. Tulipofika barabarani, tukikimbia, mimi na miguu yangu hii, kipaza sauti kilikuwa bado kinapiga kelele nyuma yetu.)

Mzuieni! Jamani, mzuieni huyo! Anaondoka na mradi!