Bwana Mwakireti Afunga Kampeni ya Mashine za Baridi, Garissa, 1966

Mheshimiwa Mwakilishi wa Mwakilishi wa Mkuu wa Wilaya. Waheshimiwa machifu pamoja na manaibu wenu. Sheikh wetu mpendwa. Maofisa wa usalama mliosimama pale kivulini na bunduki zenu, ambazo naomba zielekezwe upande mwingine kidogo. Akina baba, akina mama, na mifugo yote iliyohudhuria: asalaam aleikum! (Mbuzi mmoja anaitikia kabla ya watu. Vicheko.)

Mimi, Zebedayo Mwakireti, Ofisa Mratibu Mkuu wa Kamati Ndogo ya Hewa ya Majumbani, nimekuja kwenu wakati huu ambapo barabara ya Nairobi haipitiki ila kwa msafara wa magari ya askari, kwa kuwa Serikali haiwezi kukubali vita hivi viwe kisingizio cha mwananchi kukaa nyumbani kwake akipoteza umeme ovyo kwa mashine ya kupoza hewa. Joto, ndugu wananchi, si ruhusa ya ufujaji! (Makofi mawili, yote ya chifu.)

Kwa mujibu wa takwimu za kiteknikali, nilizozikusanya binafsi bila kujali usalama wangu, nikiwa dirishani, asilimia tisini na tisa na ushei ya nyumba za Garissa, yaani zote isipokuwa moja, hazitumii mashine ya baridi hata kidogo. (Vicheko.) Msicheke! Hiyo ndiyo efishensi yenyewe! Juzi niliingia kwa Mama Arbia, yule mjane anayeuza maziwa karibu na soko, nikakuta amekunja mikeka ya ukuta wa nyumba yake upande mmoja, upepo unapita. Nikamwuliza, “Mama, mashine yako umeizima tangu lini?” Akanijibu, “Mimi hafana mashine, mwanangu.” Nidhamu iliyoje!

(Mama Arbia anasimama katikati ya akina mama, anajifunga vizuri shuka lake begani. “Bwana mkubwa, hiyo nyumba moja iliobaki, ya nani?”)

Swali zuri sana, mama. Nyumba hiyo, kwa sababu za kiusalama, haitajwi.

(Sauti kutoka nyuma: “Ni yako! Jenereta nanguruma usiku na mchana!”)

Inanguruma, naam, ndugu yangu, kwa sababu ile ni mashine ya mfano. Nitawafundishaje kuzima, kama hakuna kilichowashwa?

(Mama Arbia hajaketi. “Wallahi, bwana, mimi hacheki. Dizeli ilioletwa na msafara ni ya bambu ya maji. Nyumba yako nakunywa yote, bambu nakaa kimya. Jana sisi nateremka mtoni na mitungi, wanawake wengi, foleni ndefu. Saa ya kafyu nafika, askari napiga kelele, sisi nakimbia. Mimi naanguka, mtungi nafunjika. Watoto wa binti yangu nalala na kiu. Wewe nalala na baridi. Sasa sema.” Mzee Hared, ambaye hata machifu humsikiliza, anaitikia kwa kichwa: “Kweli tupu.”)

Mama… nimekusikia. (Anainua bilauri ya maji iliyo mbele yake, anaitazama, anairudisha mezani bila kunywa.) Watoto hao, wameamkaje leo?

(“Alhamdulillahi. Jirani nagawa maji yake kidogo.”)

Alhamdulillahi. Basi. Nilikuwa nimeandaa hapa kurasa nyingi kuhusu mikakati ya muda wa kati. Nitaziruka. (Makofi makubwa, ya kwanza yenye moyo.) Salat! Dereva wangu yuko wapi? Salat, nenda nyumbani kwangu, zima jenereta, pakia lile pipa la dizeli, lipeleke kwenye pampu. Ndiyo, sasa hivi. Ndiyo, lote. Usinitazame hivyo, hata mimi nina madirisha na yanafunguka. (Vigelegele. Salat anaondoka mbio, vijana watatu wakimfuata kwenda kubeba.)

Ndugu wananchi, mmeshuhudia wenyewe! Kwa amri moja tu ya kiongozi mwenye maono, matumizi ya mashine za baridi katika wilaya nzima yameshuka mpaka sifuri! Wataalamu wa Ulaya watapanda ndege kuja kujifunza hapa! Nikisema “Baridi kidogo,” ninyi mtajibu “Uchumi imara.” Baridi kidogo! (“Maji mengi!”) Hapana, ni “Uchumi imara.” Baridi kidogo! (“Maji mengi!”) Haya basi, maji mengi! Akina mama, mnakwenda wapi na mitungi, mkutano haujaisha! Mama Arbia, hata wewe? (“Kuja na sisi, mwanangu, utasema huko mtoni, kwa bambu.”)

Nakuja, mama, nimalizie shukrani tu. Namshukuru kwa dhati mkurugenzi wa kampeni hii, ambaye atateuliwa. Mafundi wake hodari, ambao wataajiriwa. Na wafadhili, pindi watakapoambiwa. Zaidi ya yote, nawashukuru wakubwa wangu wa Nairobi, walionituma kuja kufunga mradi. Niliwauliza, “Mradi upi?” Wakasema, “Wowote, Zebedayo, hakuna uliofunguliwa.” Natamka rasmi kwamba umefungwa. Asanteni sana.