Kuhusu Myuoni Wanaopita Koridoni Kwangu

Kwa Mheshimiwa Mkurugenzi wa Maabara,

Salaam nyingi, na uniwie radhi kwa kukusumbua. Mimi ni mke wa mhandisi wako, yule mwembamba anayetafuta miwani nayo iko kichwani. Mmempa kazi ya kusanifu mtambo wa kurusha myuoni, ambao nimeelezwa ni chembe zisizoonekana: zinaingia ndani ya chuma, zinakufa kufumba na kufumbua, na kifo chao kinaeleza usumaku uliomo humo. Poleni kwa misiba. Malalamiko yangu ni haya:

1. Ofisini hamkumpa nafasi ya kupanga mfano wa mtambo huo, basi ameupanga nyumbani. Viti vyangu vyote sasa ni sumaku, eti za kupinda njia ya myuoni. Vimepangwa koridoni kwa kupinda, na kila aingiaye lazima apinde navyo kama myuoni mwenye adabu.

2. Anasema myuoni wenye papara hawakati kona, hupitiliza wakatoka njiani. Kwetu sisi, ukitoka njiani unaingia stoo, na mlango wake hujifunga wenyewe, wala hauna kitasa kwa ndani. Mama mkwe alikuwa anakimbilia simu, akapitiliza. Tulimtoa amejaa unga na hasira. Mwanawe akampongeza: "Mama, hesabu zangu ziko sawa!"

3. Jumamosi binti yetu analetewa posa. Wageni waketi juu ya sumaku? Posa ya kwanza ilivunjwa na kaka wa mume wangu, tunayemwita Bwana Pingamizi, aliyeingia kwa kishindo akagombana na wageni hata hawajavua viatu. Binti alilia, nami nikalia naye. Sasa nimzuie shemeji au nipiganie viti? Mshika mawili moja humponyoka.

4. Nikilalamika, naambiwa myuoni hawalalamiki. Watalalamika saa ngapi, na wanakufa hata hawajapumua?

Kwa heshima na taadhima, naomba mumjengee mtambo wake huko huko haraka, au mumwachishe kazi, au mje kuishi nyinyi kwenye korido hii.

Nisalimie wote hapo maabara, walio hai na waliofia ndani ya chuma.

Wako mtiifu, niliyechoka kusimama,
Mama wa bibi harusi mtarajiwa

Tanbihi: Barua ilichelewa kutumwa, Jumamosi imepita. Wageni walipinda taratibu, mmoja mmoja, wakafika sebuleni wakicheka, wakaketi mkekani. Bwana Pingamizi akaja kwa kishindo chake, akapitiliza. Tulimfungulia stoo wageni walipokwisha kuaga. Posa imekubaliwa. Kwa hiyo tafadhali, msijenge chochote huko mpaka harusi ipite.