Jino la Mlinda Lango wa Reli

Milimani, juu ya Mkuyuni,
3 Juni 1912

Kwa Bwana Mhariri wa gazeti letu,

Shikamoo, kama umenizidi umri. Kama hukunizidi, naisubiri yako. Mimi ni Rosa, mama yake Severini, yule kijana mrefu wa shule ya misheni aliyefunga mabao mawili siku ya mpira wa kugombea beberu wa mbuzi na watu wa reli, pale Morogoro mjini. Kusoma nilijifunzia katekisimu. Nasoma polepole, lakini nikishasoma sisahau.

Gazeti lako limesema mwanangu alicheza kama nyati. Habari hiyo ikasomwa sokoni Mkuyuni mbele ya Mzee Petro, mjomba wa Veronika, binti tuliyemposea Severini. Tangu siku hiyo mjomba hajatoa jibu la posa. Binti analia, mwanangu hali, nami ndiye ninayepika hicho kisicholiwa. Basi nimeshuka mlima kwa miguu yangu kuyachunguza maneno yako.

1. Umeandika kwamba Severini alimvunja jino Mwinjuma, mlinda lango wa reli. Nilimkuta stesheni nikamwomba aachame. Akasema, "Mama, niko kazini." Nikamwambia, "Achama, baba, nimetembea tangu alfajiri." Akaachama. Kweli, jino halipo. Lakini lilikuwa likitikisika tangu Kwaresima, mwenyewe amekiri, na yaliyobaki si ya kumwonyesha mgeni. Mganga angetaka kuku kwa kazi ile. Severini hakutaka kitu.

2. Umeandika kwamba alimkalia tumboni. Hapo nikajua wewe si mtu wa huku. Nilimuuliza Mwinjuma ukoo wa mama yake, akautaja: watani wetu! Nikifa, hao ndio watakaokuja kunicheka msibani na kunichimbia kaburi. Mtani hukaliwa tumbo hata pasipo mpira. Akiwa pale chini Mwinjuma alimwita mwanangu "kenge mrefu wewe," naye akajibu "tulia, kiazi kibichi," wakacheka wote wawili, mmoja akitema damu kidogo. Mdachi mwenye firimbi hajui utani, akadhani ni vita, akasimamisha mchezo. Andika kwamba iliyokosea ni firimbi.

3. Mlingoti wa lango. Eti aliung'oa kwa hasira! Nimeukagua. Umechimbiwa kina cha kidole na mchwa wameula. Sisi nguzo kama ile hatufungii hata mbuzi. Mtoto aliuegemea apumzike, maana mabao mawili yanachosha.

4. Mabao yenyewe hukuyataja. Hili sikulichunguza, nililijua tangu mwanzo, na ndilo lililoniuma kuliko jino la mtu.

Kwa hiyo nakuomba uchape, kwa herufi kubwa, kwamba Severini ndiye mpole kuliko wote waliokanyaga uwanja ule, Mdachi akiwemo. Kuku akichinjwa hugeuza uso. Nyoka akiingia ndani, mimi ndiye ninayemtoa, yeye yuko juu ya kitanda akiniitia watakatifu. Kama mtu wa namna hiyo ni nyati, basi mimi ni gari moshi.

Nisalimie wote wanaokusaidia kuchapa, na mama aliyekuzaa, ambaye naamini ataielewa barua hii kabla yako.

Ni mimi kwa heshima,
Rosa, mama Severini

Nyongeza: Kabla ya kuituma nimepita Mkuyuni, nikamsomea Mzee Petro barua yote ili moyo wake utulie. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema nguruwe pori wamemmalizia mahindi misimu miwili, na siku aliposikia habari za nyati alimshukuru Mungu kwa kumpa mkwe. Jibu limechelewa kwa sababu alikuwa akimkatia Severini shamba kule msituni wanakotokea nguruwe. Sasa ananiuliza, huyo anayepanda kitandani kwa ajili ya nyoka ni nani?

Bwana Mhariri, barua hii usiichape. Rudia ile habari yako ya kwanza, neno kwa neno, ilikuwa kweli tupu. Na mtu wa Mkuyuni akija kukuuliza, Severini ana mdogo wake.